Waliniuliza Niliona Nini Tumboni

Nimekosa, tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Mwanamke mmoja alifukuzwa nyumbani kwake na kunyang'anywa mtoto kwa sababu ya kitu ambacho mimi peke yangu nilikuwa nimekiona. Neno moja tu kutoka kinywani mwangu lingemwokoa. Nikalimeza.

Mimi ni daktari wa matumbo. Hapa Lubumbashi wananiita Profesa, na nikiingia kanisani watu wananipisha kwenye benchi la mbele. Wangejua! Majina nimeyabadilisha yote na langu silitoi. Ukiniita mwoga sitabisha.

Ngoja nikueleze vizuri, maana sijawahi kulisema hili lote kwa mpigo mmoja.

Mama aliyenizaa alikufa nikiwa mdogo sana. Nililelewa na dada yake mkubwa katika komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, si ile nchi, na kwetu huyo ni mama, basi, hakuna cha mama mkubwa. Nitamwita Mama Musonda. Aliuza samaki wakavu waliotoka upande wa Kasomeno, na kwa samaki hao mimi nikasoma hadi nikawa daktari. Nilipokwenda Ulaya kusomea matumbo, aliwatangazia majirani: "Mutoto wangu iko najifunza kuangalia mu tumbo ya bantu!" Majirani wakacheka. Wakauliza ndani ya tumbo kuna nini cha kusomea miaka yote hiyo, si bukari tu?

Bukari ni ugali wetu. Na hapo kwenye bukari ndipo mambo yangu yote yalipoharibikia.

Kwetu mtu anaweza kuamka akanywa chai na mkate, mchana akatafuna muhogo na karanga, alasiri akala maembe mpaka shati likalowa, halafu ukimuuliza anakujibu: "Shiyakula." Yaani sijala. Na hasemi uongo! Kula ni bukari. Vingine vyote ni kudanganya mdomo. Nikiwa mtoto nilikuwa nazurura kwa majirani nikipewa viazi huku na mahindi kule, nikirudi nyumbani Mama Musonda anashika kichwa: "Mungu wangu, mutoto hayakula tangu asubui!" Na tumbo langu analiona limevimba kama ngoma.

Kwa hiyo neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Usije ukanitetea kwamba sikujua.

Nilirudi kutoka Ulaya wakati nchi inabomoka. Wanajeshi walikuwa wamepora maduka, na raia wakapora walichokibakiza wanajeshi. Migodi iliyokuwa ikilisha mji mzima ilikuwa inakata roho. Mshahara ukawa hadithi ya kusimulia. Unga ukawa unanunuliwa kwa kikombe, na nyumba zilizozoea bukari mchana na jioni zikaanza kupika siku moja na kuruka nyingine. Siku za kuruka watu walikunywa bouillie, ule uji mwepesi wa mahindi, wakalala.

Na mimi katikati ya njaa ile nilikuwa na furaha. Aibu! Niliona utafiti wangu.

Wakati huo habari zilikuwa zimeanza kutufikia kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na kijidudu. Hapa kwetu kila mtu, madaktari wenzangu wakiwemo, aliamini vinaletwa na mawazo. Nami nilitaka kuwa wa kwanza kuonyesha kijidudu hicho katika matumbo ya watu wa Lubumbashi. Nilikuwa na mrija mrefu wenye taa, mgonjwa anaumeza, mimi naangalia ndani na kuchomoa kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mchele. Wagonjwa waliuita nyoka. Vipande nilivitia kwenye vichupa, na vichupa vilipaswa kufika Ulaya, kwa sababu maabara yetu haikuwa tena na chochote zaidi ya mende.

Kulikuwa na Mzungu mmoja pale hospitalini ambaye bado hakuwa ameondoka. Asubuhi moja aliniambia kesho yake anatoka na gari kupitia Zambia, na kwamba vichupa atanibebea. Baada yake hakuna mwingine. Nikaviangalia vichupa vyangu nikaona ni vichache mno, hakuna profesa wa Ulaya atakayevichukua kwa uzito. Nikaanza kumtafuta mtu yeyote mwenye tumbo.

Jioni nikaenda Kenya kwa Mama Musonda. Alikuwa akilalamika kiungulia, na nani asiyelalamika?

"Mama, kesho ukuye ku lopitali, nikuangalie mu tumbo. Lakini usikule."

"Iko ugonjwa gani?"

"Hapana ugonjwa. Tutaangalia tu."

Akanitazama, akatabasamu. "Kama njo kukusaidia mu masomo yako, nitakuya."

Unasikia? Alikuja kwa ajili yangu. Hakuwa mgonjwa.

Asubuhi aliletwa na mkwe wake, Ngalula, mke wa mwanawe Mutale. Wazazi wa Ngalula walitoka Kasai, jimbo jirani, lakini yeye alizaliwa na kukulia Kenya, Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja. Alikuwa mtu wa maneno na vicheko. Mimi aliniita "docta ya choo" mbele za watu, na Mama Musonda alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia utani huo. Walipendana wale wawili. Ngalula akabaki nje mlangoni, na mtoto wake Bupe mgongoni.

Umeme wakati ule ulikuja kama mgeni asiyeaga, na asubuhi hiyo ulikuwepo. Mzungu naye alikuwa anafunga mizigo. Nikamuuliza mama, kwa haraka, mkono wangu tayari uko kwenye mrija.

"Mama, ulikula?"

"Shiyakula, mutoto wangu. Tangu juzi shiyakula."

Tangu juzi! Utoto wangu wote ulisimama ukapiga kelele ndani yangu: muulize hajala nini! Ngalula yuko pale nje, mwite, muulize amempikia nini mama asubuhi! Ilikuwa kazi ya kufungua mlango tu. Lakini nikajisemea kwa Kifaransa, à jeun, tumbo tupu, na kwa Kifaransa lilisikika safi kabisa. Nikampulizia dawa ya kulitia koo ganzi. Nikamchoma sindano ya kumtuliza kwa sababu alikuwa anaogopa nyoka. Nikaingiza mrija.

Niliona. Tumbo zuri, jekundu-jeupe kama la msichana, halina kidonda wala mkwaruzo. Na chini yake limetuama ziwa la bouillie, na vipande vya karanga vikielea.

Daktari yeyote, hata aliyehitimu jana, anajua cha kufanya hapo. Unautoa mrija papo hapo, unamlaza mgonjwa ubavu, unamshukuru Mungu. Mimi kwanza nikachomoa kipande changu.

Ndipo akatapika. Koo lilikuwa limekufa ganzi, halikuweza kujilinda, bouillie ikapanda na kushukia mapafuni. Tulimgeuza, tulimvuta uchafu, alikohoa, akafumbua macho akaniuliza, "Ilienda muzuri?" Nikamwambia ndiyo, mama, ilienda muzuri.

Mchana homa ikampanda. Nikaacha kitanda chake nikakimbia kumpelekea Mzungu vichupa kwenye gari. Kipande cha tumbo la mama yangu kilivuka mpaka akiwa bado anahangaika kupumua. Dawa zilizohitajika hazikuwepo hospitalini wala mjini, zilikuwa zimeporwa. Hakumaliza juma.

Hapo bado ningeweza kuwa mtu. Kosa la daktari hutokea, hata ndugu hulisamehe likiungamwa. Sasa sikiliza nilichofanya.

Kwenye kilio ua ulijaa. Kaka mkubwa wa Mama Musonda, Mjomba Kabaso, alifika kutoka Kasomeno juu ya lori la mkaa, vumbi tupu. Yeye ndiye mwenye neno katika ukoo. Hakuketi. Alisimama katikati ya ua akataka kujua dada yake, mtu mzima mwenye nguvu, amekufaje hivi.

Ujue miezi ile watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa hapa Katanga, jimbo letu. Walioishi mlango kwa mlango na sisi miaka yote walikuwa wanaambiwa warudi kwao, nyumba zao zinavunjwa, nao wanalala stesheni na mizigo yao wakingojea treni. Mtu mwenye akili alichunga ulimi wake.

Mjomba akanigeukia. "Weye njo munganga ya tumbo. Weye njo uliangalia mule. Uliona nini?"

Wanawake waliokuwa wanalia walishusha vitenge usoni wanisikie.

Nilifikiria utafiti wangu. Nilifikiria watakavyosema hospitalini, kwamba docta aliyetoka Ulaya amemuua mama yake kwa haraka zake. Nikatafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo, maana nilijiona mtu mwaminifu! Nikasema:

"Niliona kintu yenye haikupaswa kuwa mule."

Ni kweli tupu. Siku ya kumeza mrija chakula hakipaswi kuwamo tumboni. Lakini katika ua ule, mwaka ule, sentensi ile ilikuwa na maana moja tu.

"Sumu!" mwanamke mmoja akalia. Mjomba akauliza taratibu, "Nani alimupikia?"

Kila jicho likamwendea Ngalula.

"Miye njo nilimupikia," akasema. "Bouillie na karanga. Miye pia nilikunywa, Bupe pia alikunywa! Docta, sema basi. Sema ilikuwa bouillie!"

Aliniangalia. Hakuwa anaomba, alikuwa na uhakika kabisa kwamba nitasema. Ndicho kinachoniua mpaka leo, ule uhakika wake.

Nikasema, "Mambo ya tumbo iko mingi."

"Docta alishasema," Mjomba akakata. "Mupe mutoto kwa baba yake."

Mutale mumewe alikuwa ameinamisha kichwa. Aliogopa ukoo, aliogopa na vijana wa mtaani waliokuwa wanachungulia juu ya ukuta. Bupe alitolewa mgongoni kwa mama yake huku amekishika kitenge kwa vidole vyote, ikabidi wavibandue kimoja kimoja. Ngalula akapelekwa stesheni na kifurushi chake, akaenda Kasai asiyoijua, na jina la mulozi, mchawi aliyemwua mkwewe kwa chakula. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jeneza, watu wananipa pole.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Ukoo ulimtafuta mwovu jikoni, kumbe amevaa tai.

Nilijiahidi nitasema mazishi yakiisha. Mazishi yalipoisha nikajiahidi nitasema nikimaliza tasnifu. Barua ya kuniita ilitoka Ulaya, nikaenda, nikaitetea, nikapewa pongezi nyingi. Tumbo la Mama Musonda limo mle ndani, kati ya matumbo mazima yanayolinganishwa na ya wagonjwa. Nikarudi nikafundisha. Kila ngazi niliyopanda nilijiambia nikifika juu nitakuwa na nguvu ya kusema. Uongo mtupu! Kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kuogopa kuanguka.

Na bado sijafika chini ya aibu yangu. Miaka ikapita, nikaandika makala kuhusu lile neno. Ndiyo, lile lile! Nikasimama mbele ya wataalamu kutoka nchi mbalimbali, nikawaeleza kwamba kwetu kula ni bukari, na kwamba daktari asimuulize mgonjwa "Ulikula?" bali amuulize, "Leo kintu gani ilipita mu kinywa?" Wakapiga makofi. Mmoja akauliza nililigunduaje jambo zuri kama hilo. Nikamjibu: kwa kuwasikiliza watu wangu.

Kwa kuwasikiliza! Ngalula alinililia mbele ya ua mzima.

Si zamani sana, kwenye kliniki yangu aliingia mama aliyekonda, nguo zinamning'inia. Nilikuwa nimeinama naandika. Akasema, "Docta ya choo."

Kalamu ikanidondoka.

"Shikukuya juu ya maneno ya zamani," akasema, akikaa bila kuambiwa. "Nilikuya juu ya tumbo. Kila mahali banasema weye njo unajua."

Kwa mazoea tu mdomo wangu ukatoa lile swali langu maarufu. "Leo kintu gani ilipita mu kinywa?"

"Maji." Akanitazama sana. "Ile siku mama alikunywa bouillie. Nilimupikia miye. Weye uliiona ao haukuiona?"

"Niliiona."

"Uliiona."

"Niliiona, Ngalula. Ilikuwa bouillie tu. Tumbo yake ilikuwa muzima. Njo miye nilimuua."

Nilitegemea atapiga kelele. Nilikuwa nazitaka kelele hizo! Akakunja ncha ya kitenge chake, akakunjua, akakunja tena.

"Miye nilikuwa najiuliza," akasema mwishoni. "Miaka yote. Nilisema pengine karanga zilikuwa mubaya. Pengine njo miye nilimuua bila kujua."

Ole wangu! Nilidhani nimemwibia nyumba, mume na mtoto. Kumbe hata usafi wa moyo wake mwenyewe nilikuwa nimeuchukua.

Nilimwangalia tumbo siku ileile, taratibu, kama nilivyopaswa kumwangalia mama. Ni kansa, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Nilipomwambia, hakuuliza kuhusu dawa. Aliniambia, "Basi ukaambie Bupe."

Bupe ni mtu mzima sasa, ana mume na watoto, anakaa mtaa wa Hewa Bora. Baba yake alikwisha kufa. Nilimkuta anafua uani. Mimi ndiye niliyemlipia shule, na aliniita baba. Akaleta kiti akakipangusa.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Bouillie, karanga, mrija, kipande nilichokichomoa kwanza, swali la mjomba na jibu langu. Alisikiliza huku mikono iko majini. Povu lilikwisha kupotea kwenye beseni nilipomaliza.

"Mama alikuya hapa," akasema. "Tangu alirudia kutoka Kasai, alikuwa anakuya. Kila mara na sahani ya bukari na majani ya sombe, alifunika na kitambaa cheupe. Nilikuwa napokea, nasema merci. Akisha kuenda namwaga." Akaikamua nguo aliyoishika. "Nilikuwa nakataza batoto bangu hata kugusa ile sahani. Nkambo yabo, mama aliyenizaa! Na yeye alikuwa anajua, docta. Alikuwa anaona hata siku moja hatukuli mbele yake. Alikuwa anajua na alikuwa anapika tena."

Sikuwa tena baba. Nilikuwa docta.

Nikaanza kusema nisamehe. Akanyanyua mkono uliojaa maji. "Hapana. Sasa ulishasema, weye utalala muzuri. Miye je?" Akachukua kile kiti akakirudisha ndani. Kwetu hata adui hupewa kiti, na mimi nilikwenda zangu.

Mjomba Kabaso alikwisha kuzikwa, lakini wanawe wapo, nimewaita na kuwaambia. Wengine hawanisemeshi tena. Ni haki yao. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Ngalula alilazwa katika wodi yangu. Bukari ilikuwa haipiti tena, tumbo lilikuwa limejifunga. Siku moja napita na wanafunzi wangu, nikamkuta Bupe ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli. Alikuwa amepika bouillie, na ameiponda karanga mpaka imelainika kabisa. Alimlisha mama yake kijiko kidogo, anangoja, kijiko kingine. Mimi nilisimama nyuma ya wanafunzi nisionekane.

Mwanafunzi mmoja, binti mpole, alisahau kabisa nilichomfundisha. Akauliza kama watu wote wanavyouliza: "Mama, ulikula?"

Ngalula aliliangalia lile bakuli la uji. Mtoto wa Kenya yule, aliyejua vizuri kuliko mimi maana ya neno hilo.

"Nilikula," akasema. "Leo nilikula."

Bupe akaficha uso kwenye kitenge. Mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta nikalia, na wanafunzi wangu hawakujua Profesa ana nini. Wiki haikupita tukamzika.

Sasa wewe unayesoma, hasa wewe uliyesoma sana kama mimi, sikia. Iko siku watu watakusimamisha katikati ya ua wakuulize umeona nini, kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyepewa macho ya kuona. Usiwape ukweli uliokatwa nusu ili nusu iliyobaki imkate mwenzako. Sema chote, kwa maneno wanayoyaelewa, siku ileile, kabla treni haijaondoka.

Na mtu akikuambia hajala, weka mrija chini. Muulize hajala nini.